Gari Lililokunywa Maji

14 Oktoba, Jumanne

Jana nilikabidhi funguo za lori. Miaka ishirini na sita nimeliendesha, Lubumbashi hadi Mokambo, Mokambo hadi Ndola na kurudi, na kila siku niliandika daftarini: saa ya kuondoka, kilometa, mvua, tairi. Leo nimeamka alfajiri, nimeswali, nimekaa kitandani na kalamu mkononi, na sina kilometa hata moja ya kuandika. Lakini mkono umezoea. Basi nitaandika yatakayokuwapo.

Aliyelinunua ni Aimé, kijana wa Kipushi, mpole, anayeongea na injini kabla ya kuiwasha. Nilipokuwa naondoka nilimsikia akikawia kuingiza gia ya pili, nikataka kurudi nimwonyeshe. Sikurudi.

16 Oktoba

Joto. Nimefagia ua mara mbili, mara ya pili bila sababu.

18 Oktoba, Jumamosi

Kaka yangu Sudi amekuja kunywa chai. Sudi ni fundi wa viti vya magari. Karakana yake iko pale barabara yetu inapoanzia, na teksi za mtaa wetu wa Bel-Air ambazo hazijawahi kushonewa kiti naye ni chache. Wazazi walipofariki tulibaki sisi wawili. Amenizidi miaka minne, ndiyo maana namwita yaya, na husema nami kana kwamba ni arobaini.

"Rachida, utafute ka-bus," amesema. "Utapata chauffeur, bantu batapanda, na wewe utakaa ku nyumba."

"Nikae nyumbani nifanye nini, yaya?"

"Upumuzike."

Nimemwambia nitafikiri. Nimefikiri mpaka alipofika kwenye lango, basi.

21 Oktoba, Jumanne

Leo nimeona kitu.

Nilipita kwa Jeannot, muuza magari yaliyotumika, ambaye uwanja wake uko nyuma ya soko. Nilitaka kweli kuuliza bei ya basi dogo. Pembeni kulikuwa na gari limefunikwa turubai, na chini ya turubai yakaonekana magurudumu ya nyuma, mapana kuliko ya mbele. Nikamwambia Jeannot afunue.

Porsche 911, ya mwaka 2003. Kijani, kijani cha sombe, majani ya muhogo, ikiwa bado haijatwangwa. Usukani kushoto. Jeannot anasema mwenyewe alikuwa mhandisi wa mgodi, amerudi kwao Ulaya.

Nimeingia. Ni kama kuketi kwenye mkeka. Maisha yangu yote ya kazi nimewatazama watu utosini. Leo nimemwona Jeannot magotini. Nikashika usukani, nikacheka peke yangu, na Jeannot akacheka pia bila kujua tunacheka nini.

Nina miaka hamsini na mitatu. Ukiendesha lori la tani thelathini, kila kitu kinakupita. Kwenye mlima hata baiskeli za makaa zimewahi kunipita, wenyewe wakizisukuma kwa miguu. Nimesomesha watoto wa Sudi kwa lori lile, nimejenga nyumba hii, nimewazika wazazi kwa heshima. Sijawahi kununua kitu ambacho kazi yake ni kunifurahisha tu.

24 Oktoba, Ijumaa

Baada ya swala ya Ijumaa nimekula kwa Sudi, kama kila wiki. Nimewaambia nataka kulinunua lile gari. Sudi akaacha tonge la bukari, ugali wetu, hewani.

"Mutuka ya bacheza mupira," akasema.

"Ni gari tu, yaya."

"Bantu ba ku musikiti batasema nini? Mwanamuke wa umri yako, anatembea chini chini sawa nyoka?"

Mkewe, Habiba, aliyekuwa akimimina maji ya kunawa, akaniuliza polepole: "Rangi gani?"

"Kijani."

"Kijani ni muzuri," akasema Habiba, na Sudi akamtazama, naye akaendelea kumimina hadi beseni likajaa.

Tulipoagana Sudi hakuniambia nirudi Ijumaa ijayo. Huwa anasema.

28 Oktoba

Mvua ya kwanza. Robo saa tu, lakini vumbi limelala na mji mzima unanukia udongo.

30 Oktoba, Alhamisi

Nimekwenda kulikagua gari jinsi ninavyojua mimi: nimevaa ovaroli yangu ya lori na kulala chini.

Injini ni nzuri. Breki nzuri. Chini kumepakwa rangi nyeusi mpya, na rangi mpya mahali ambapo hakuna mtu anayetazama hunitia wasiwasi. Ndani kulinukia manukato, mengi mno, kama bwana harusi. Nikainua zulia: kavu. Nikatazama skrubu zinazoshika viti: kutu. Nikauvuta mkanda wa kiti cha dereva hadi mwisho, ile sehemu ambayo hakuna anayeivuta, na hapo ukaonekana mstari wa kahawia, umenyooka kama umepigwa rula. Chini ya mstari mkanda ni mchafu, juu yake safi.

Gari hili lilizama. Maji yalifika kwenye viti.

"Jeannot, hii gari imekunywa maji."

"Mama Rachida, hapana. Bwana alikuwa na garage ya béton, saruji tupu."

"Basi béton ilikunywa nayo."

Akaapa kwa mama yake. Jeannot ana miaka arobaini, ana uso wa mtoto wa kwaya, na akisema uongo hukuna shingo. Alikuna. Nimevua ovaroli nikaenda zangu. Njiani nimejiona kama niliyefiwa, na hilo limenishangaza.

2 Novemba

Mvua. Sijaenda popote.

3 Novemba

Mvua. Nimeenda hadi mwisho wa barabara, nikarudi.

6 Novemba, Alhamisi

Nimerudi kwa Jeannot. Nilijidanganya kwamba naenda sokoni kununua nyanya. Nilikusudia kumwambia: punguza bei kama bei ya gari lililozama, nami nitalichukua na magonjwa yake yote.

Nikamkuta kijana amesimama kando ya gari, viatu vyeupe, simu mbili. Anaitwa Ariel, anafanya biashara ya mawe ya madini. Alikuwa anajipiga picha. Jeannot aliponiona akaanza kukuna shingo kabla sijasema neno.

Ningeweza kunyamaza. Sudi angesema hilo halinihusu. Lakini nimewahi kuendesha lori usiku likazimika taa zote mlimani kwa sababu aliyeniuzia waya alinyamaza, na tangu siku hiyo siwezi kumtazama mtu akiingia kwenye gari bovu.

"Mwanangu," nikamwambia, "kabla ya kulipa, vuta huo mkanda mpaka mwisho."

Hakuuvuta. Alinitazama kuanzia kandambili hadi kitambaa cha kichwa.

"Mama, nimesikia habari yako," akasema. "Jeannot aliniambia kuko mama mumoja wa malori anaitaka. Sasa unanitisha niikimbie, ubakie nayo wewe."

"Naitaka, ni kweli. Na imezama, ni kweli vilevile."

"Njo vile bote banasema," akasema, akacheka, si kwa ubaya.

Alilipa palepale. Nimeliona gari likitoka langoni, sauti yake nyuma kama mtu mnene anayesafisha koo. Nimeondoka bila nyanya.

9 Novemba

Sina la kuandika. Nimekarabati banda la ua ambalo halina cha kuweka.

14 Novemba

Ijumaa ya tatu bila kula kwa Sudi. Habiba amenitumia samaki kwa mlango wa nyuma.

27 Novemba

Nimeliona gari mjini, mbele ya benki, limepaki juu ya njia ya waenda kwa miguu, watu wanapiga nalo picha. Nikapita upande wa pili.

9 Desemba, Jumanne

Mvua kubwa kutoka adhuhuri. Mifereji ya katikati ya mji imejaa, maji yamepanda barabarani. Nilikuwa kwenye teksi, tumesimama nusu saa, na dereva akatoka kuuliza kuna nini mbele. Akarudi anacheka: "Kuko ka-mutuka ka kijani, kamekufa mu mai, katikati ya rond-point. Mwenyewe iko juu ya toit."

Nikatoka teksini, nikaenda hadi mzungukoni. Kweli, Ariel alikuwa ameketi juu ya paa la gari, viatu vyeupe mkononi, mvua inampiga, na madereva wa nyuma wanampigia honi kana kwamba amekaa hapo kwa starehe. Nilikunja gauni, nikaingia majini hadi magotini. Aliponitambua akafumba macho.

"Usiwashe tena," nikamwambia. "Umewasha mara ngapi?"

"Mbili."

"Usiwashe ya tatu. Shuka, tusukume."

Tukasukuma, mimi, yeye, dereva wa teksi na wauza mikate wawili, hadi mahali pa juu. Hakusema asante. Nikamwachia mwavuli wangu.

13 Desemba, Jumamosi

Ariel amekuja nyumbani kurudisha mwavuli. Amekaa kwenye kiti cha uani akitazama mikono yake.

"Mama, uliona nini ku ule mukanda?"

Nikamweleza. Akasema Jeannot amemrudishia sehemu ya pesa, baada ya kelele, na kwamba hataki hata kuliona tena gari, anataka gari la juu, la magurudumu manne, refu kama nyumba. Kisha akauliza, bila kunitazama, kama bado nalitaka.

Nikausogeza mwavuli ukutani, nisionekane nina hamu. Nikamwuliza bei. Akataja bei ya chuma chakavu. Nikamwambia hiyo ni ndogo mno, nisingeweza kulala, nikaongeza. Ariel akanitazama kama niliyesema Kichina.

"Mama, watu hawafanyi biashara hivi."

"Najua. Mimi nilikuwa dereva."

20 Desemba, Jumamosi

Aimé amelivuta gari kutoka kwa Ariel hadi kwangu, kwa kamba, nyuma ya lori langu la zamani. Mimi nilikuwa kwenye usukani wa Porsche, nikitazama namba ya lori nililoliosha kwa miaka ishirini na sita. Gia ya pili sasa anaiingiza vizuri.

Barabara yote ilitoka kutazama. Mbele ya karakana Sudi alisimama mlangoni, sindano mdomoni. Nikampungia mkono. Akaingia ndani.

Banda limepata kazi.

4 Januari

Mvua siku sita mfululizo. Nimemleta Kangwa, fundi umeme, Mbemba mzee aliyefanya kazi migodini upande wa Zambia kabla ya kuhamia hapa. Ametoa mazulia na viti, ametandaza waya sakafuni kama utumbo wa mbuzi.

"Mayo," ameniambia, akiniita mama kwa Kibemba, "hii gari haijakufa. Imelewa tu. Tutangojea ilevuke."

Viti vimeota ukungu wa kijivu, vinanuka kama gunia la dagaa. Nimevisimamisha ukutani.

11 Januari

Mvua.

12 Januari

Mvua. Kangwa amekausha waya kwa pasi ya nguo. Pasi yangu.

24 Januari, Jumamosi

Naandika mikono ikiwa bado inauma.

Leo saa nane mchana mbingu zilifunguka. Si mvua ya kawaida. Ilikuwa kama mtu anamwaga. Ua wangu uko chini kuliko barabara, na mfereji wa jirani uliziba kwa taka, maji yote yakageukia kwangu. Nilipofungua mlango wa jikoni yalikuwa yameshafika kwenye kizingiti cha banda. Ndani ya banda lilikuwamo gari lisilo na viti, waya zote chini, karibu zikauke. Kangwa alikuwa hajaja. Nilikuwa peke yangu na jeki moja ya lori.

Niliweka jeki upande wa nyuma, nikainua, nikasukuma ringi ya tairi la lori chini. Upande mmoja. Nilipohamia wa pili, jeki ikazama kwenye tope, gari likashuka polepole, na nikafikiri: basi, Rachida, ndiyo hivyo, Mungu amekuambia ununue basi.

Lango likafunguka. Sudi, kofia imeshikana na kichwa, na nyuma yake mafundi wake wawili wamebeba mbao nene za meza ya kukatia ngozi.

"Uko unaweka jeki juu ya matope?" akasema. "Miaka ishirini na sita barabarani, na hujue kuweka ubao chini?"

Tuliweka mbao, tukainua pembe moja baada ya nyingine, tukaliweka gari juu ya ringi nne. Mmoja wa mafundi aliinua waya akazitundika kwenye misumari. Maji yalipanda hadi nusu ya ringi yakasimama. Tukasimama nayo, wanne, ndani ya maji, tukiyatazama, hadi yalipoanza kurudi.

"Ulijuaje, yaya?" nikamwuliza.

"Uwa yako inajaa mai kila mwaka. Nani halijui?"

Kisha akaona viti ukutani. Akakaribia, akavibonyeza kwa kidole, akanusa kidole, akakunja uso kama aliyeona mtoto aliyepigwa.

"Nani atashona hii?"

Nikamwambia nimeongea na fundi wa karibu na soko. Atavika plastiki nyeusi, bei nafuu.

"Plastiki," akasema Sudi. Akarudia neno lile tena akiwa langoni. Hakuaga.

25 Januari, Jumapili

Nilipoamka viti havikuwa bandani. Nimekimbia hadi karakana. Viko juu ya meza ya Sudi, vimevuliwa ngozi yote, na yeye amevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine.

"Angalia," akasema bila kunisalimu, "huyu Muzungu alishona muzuri. Angalia point yake. Mshono kama huu hata baba hakunionyesha."

"Kwa hiyo umekubali gari?"

"Nimekubali kiti," akasema.

30 Januari, Ijumaa

Nimekula kwa Sudi. Hakuna aliyelizungumzia gari. Habiba aliniwekea vipande viwili vya nyama.

8 Februari

Waya zote zimerudi mahali pake, na gari halisikii. Tunageuza ufunguo, kimya, hata taa haziwaki. Kangwa ameugundua ugonjwa wake: kuna kisanduku cha kompyuta chini ya kiti cha dereva, na ndicho kinachoutambua ufunguo. Kimeoza ndani. Bila hicho, ufunguo ni kipande cha chuma tu. Kipya kinaweza kupatikana Kitwe, Zambia, kwa mtu mmoja anayejua kukifundisha kisanduku kipya kiuelewe ufunguo wa zamani. Lazima apelekewe kisanduku kilichooza na ufunguo, kwa mkono. Ufunguo ni mmoja, hakuna mwingine.

10 Februari, Jumanne

Jeannot amekuja. Kwa mara ya kwanza sikumwona akikuna shingo.

"Mama Rachida, miye nilijua," alisema. "Bwana aliniachia ikiwa na matope mpaka ku viti. Nilisafisha miye mwenyewe, siku tisa. Wewe ulipovuta ule mukanda, tangu siku ile silali muzuri. Niambie nifanye nini."

Nilikuwa na maneno mengi niliyoyatunza tangu Oktoba. Nikayatafuta, nikaona yamechacha.

"Nenda Kitwe," nikamwambia.

12 Februari

Ameondoka kupitia Mokambo, akikwepa foleni ya mpaka mkubwa. Ana kisanduku, ufunguo na pesa zangu. Amesema siku tatu.

15 Februari

Hajarudi. Mvua.

16 Februari

Simu yake haipatikani. Kangwa ananiambia nisubiri. Sudi hasemi kitu, lakini anavyonyamaza ninamsikia.

18 Februari

Mvua. Watu wa barabara wameanza kunipa pole.

19 Februari, Alhamisi

Ramadhani imeanza. Nimefuturu kwa Sudi. Baada ya uji na tende, watoto wameondoka, akaniambia jambo nililokuwa silijui.

"Unafikiri ninakasirika sababu ya ile mutuka," alisema. "Rachida, miaka ishirini na sita wewe uko barabarani, na miye niko nangojea simu. Kila lori lililopinduka ku njia ya Mokambo, nilikimbia kuuliza namba. Siku uliliuzisha nilimwambia Habiba: sasa nitalala. Wiki moja tu nimelala. Kisha ukaleta kintu chenye kukimbia kuliko yote."

Miaka yote nilidhani anaona haya kuwa na dada dereva. Nikamwambia nitakwenda polepole.

"Utadanganya mu mwezi mutukufu?" akasema. Habiba akacheka hadi akaweka kikombe chini.

21 Februari, Jumamosi

Jeannot amerudi. Alisimama langoni asubuhi, tope hadi kifuani, suruali ya mtu mwingine, na mfuko wa plastiki umefungwa shingoni kwa kamba. Ndani ya plastiki, plastiki nyingine. Ndani yake kisanduku kipya na ufunguo.

Daraja dogo lilikatika upande wetu wa Mokambo. Alisubiri siku nne na malori, kisha akavuka kwa miguu na kutembea mpaka alipopata pikipiki. Simu aliiuza Kitwe kwa sababu fundi aliongeza bei, na alikuwa hataki kurudi kuniambia pesa hazikutosha. Nilimwandalia bukari na sombe ingawa mimi nimefunga. Alikula akiwa amesimama, akiogopa kuchafua kiti. Nilimlazimisha akae.

Tangu Oktoba nimemwita mwizi ndani ya kichwa changu. Nimeanza kutafuta neno jingine, bado sijalipata, lakini si hilo.

16 Machi, Jumatatu

Limewaka.

Kangwa alisema bismillahi ingawa yeye ni Mkatoliki, akageuza ufunguo, na lile koo nene likasafishwa bandani mwangu hadi kuku wakaruka. Sudi alikuwa amepiga magoti ndani akifunga skrubu za kiti cha pili. Hakutoka. Alibaki pale, kiganja juu ya sakafu ya gari, akisikiliza mtetemo. Viti ni vya ngozi ya rangi ya asali, na mshono wake huwezi kuutofautisha na wa kwanza. Nimejaribu.

20 Machi, Ijumaa

Idi. Barabara nzima imepita bandani na sahani mkononi. Habiba ameketi kwenye kiti cha abiria na nguo yake mpya, amekataa kutoka, akaletewa pilau humohumo. Ariel naye amekuja na lile gari lake refu kama nyumba. Ameinama akatazama ndani, akauvuta mkanda wa kiti hadi mwisho. Mpya, safi.

"Nimejifunza," akasema.

Lakini hatuwezi kutoka. Mvua zimechimba, pale barabara yetu inapoanzia, shimo ambalo basi linaingia na kutoka kwa sala. Gari langu lingebaki humo kama jiwe.

25 Machi

Mvua. Nimeingia garini bandani, nimeliwasha, nimelizima, nimerudi ndani.

1 Aprili

Mvua, nyembamba.

6 Aprili

Hakuna mvua.

8 Aprili

Hakuna mvua. Nimepeleka toroli nne za changarawe kwenye shimo. Saa tisa majirani walikuwa tisa, kila mmoja na koleo, na Jeannot na toroli lake.

11 Aprili, Jumamosi

Shimo ni gumu kama sakafu. Jua. Kesho.

12 Aprili, Jumapili

Nilipofika mbele ya karakana saa moja asubuhi Sudi alikuwa nje, kofia ya Ijumaa ingawa leo si Ijumaa. Sikumwita. Alifungua mlango mwenyewe, akaingia akilalamika kwamba mtu wa miaka hamsini na saba haingii garini, anashuka. Akapapasa mshono wa kiti. Akafunga mkanda.

Tukashika njia ya Likasi. Lami ilikuwa kavu, nyasi zimepita urefu wa mtu pande zote mbili. Nilikwenda polepole kama nilivyoahidi. Sudi alishika mlango kwa mkono mmoja na goti lake kwa mwingine, macho mbele, kama ndiye anayeendesha. Tulipita makaa, nyanya, mahindi ya kuchoma. Nilidhani anaomba.

Kwenye peaje, wanapotoza ushuru wa barabara, mwanamke wa kibandani aliinama, akanitazama mimi, akamtazama Sudi, akaona ndevu nyeupe na kofia, akamwelekea yeye.

"Muzee, mutuka ya muzuri. Iko ya mutoto yako?"

Nikafungua mdomo. Sudi alikuwa ameshainama mbele yangu hadi dirishani.

"Hapana, mama," akasema. "Iko ya mudogo yangu, huyu. Aliitwaa ikiwa imekufa, akaifufua. Miye nilishona viti tu."

Mwanamke akanitazama upya, safari hii mimi. Kizuizi kikainuka. Nilikwenda mbele kidogo nikisubiri macho yangu yaone vizuri tena.

"Rachida," akasema Sudi.

"Yaya."

"Endesha sasa. Uko unanibeba sawa mugonjwa."

Nikaingiza gia ya tatu.